"Upright": neno moja la Kiingereza kwa kilichosimama wima na kwa mtu mnyofu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninafanya kazi ya kutafsiri, na kuna neno moja la Kiingereza ambalo limenisumbua wiki nzima, nalo ni "upright". Nimelikuta kwenye katoni ya jokofu, "Keep upright". Nikalikuta kwenye kitabu cha fizikia, "The image is upright". Na mwisho nikalikuta kwenye wasifu wa marehemu mmoja, "He was an upright man". Kamusi yangu inasema maana yake ni "wima", kisha mstari unaofuata inasema ni "adilifu". Je, hili ni neno moja au ni maneno mawili yaliyofanana sura? Na ninapoandika Kiingereza, je, ninaweza kutumia "vertical" kwa maana ya kwanza na "honest" kwa maana ya pili bila kuharibu kitu?

Jibu: Marahaba. Ni neno moja, na ndani yake mna picha moja: kitu kilichosimama kama kinavyopaswa kusimama, ambacho hakikulala, hakikuinama wala hakikupinduka. Picha hiyo ikihusu nguzo, sanduku au mgongo wa mtu, Kiswahili husema wima; ikihusu tabia, Kiswahili huliacha neno wima palepale na kuchukua jingine kabisa, kama vile mnyofu au mwadilifu. Kamusi yako haikukosea kutoa maana mbili, ila haikuonyesha uzi unaoziunganisha. Ama kuhusu swali lako la pili, jibu ni hapana. "Vertical" ni neno la mwelekeo, na "upright" ni neno la mkao. "Honest" hushika zaidi kauli na tendo, na "upright" humshika mtu mwenyewe. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza kwa urefu, kwa sababu mtafsiri akiyashika hatahitaji kukimbilia kamusi kila anapokutana na neno hili.

Tuanze na asili yake. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya mwaka 1100, neno hili liliandikwa "upriht", nalo lilikuwa muungano wa "up", yaani juu, na "riht", yaani kilichonyooka. Herufi "gh" unazoziona leo katikati ya neno, ambazo hazitamkwi, ni kumbukumbu ya sauti iliyokuwa ikitamkwa zamani na kukaribia "kh" ya Kiswahili katika "sabalkheri". Wajerumani bado wanaitamka katika neno lao "recht". Kwa hiyo, tangu mwanzo neno lilibeba mambo mawili kwa pamoja, kunyooka na kuelekea juu. Ndugu zake katika lugha jirani wanaonyesha jinsi mizigo hiyo miwili inavyoweza kugawanywa: "aufrecht" ya Kijerumani bado inabeba yote mawili, mkao na tabia, ilhali "oprecht" ya Kiholanzi siku hizi ina maana ya mtu mwenye moyo wa kweli na haitumiki tena kwa nguzo.

Sehemu ya pili ya neno, hiyo "right", ina ukoo mkubwa. Shina lake la kale lilihusu kwenda au kupanga kwa mstari ulionyooka, na kutoka shina hilohilo Kilatini kilipata "rectus", kilichonyooka, na "erectus", kilichosimamishwa. Ndiyo maana Eugène Dubois, daktari wa Kiholanzi, baada ya kuchimbua mabaki ya kiumbe wa kale katika kisiwa cha Java kuanzia mwaka 1891, na kuona kwamba mfupa wa paja ulikuwa wa kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili, alimpa jina lenye neno "erectus" ndani yake; leo kiumbe huyo anaitwa Homo erectus, mtu aliyesimama wima. Ukoo huohuo unaeleza kwa nini Waingereza huita pembe ya nyuzi 90 "right angle". Hawana maana ya pembe sahihi, kana kwamba nyingine zimekosea. Ni tafsiri ya jina la Kilatini la pembe inayopatikana mstari unaposimama juu ya mwingine bila kuegemea upande wowote. Kiswahili kilipita njia nyingine na kuiita pembe mraba, na kwa maoni yangu kilifanya vyema, maana wanafunzi wengi wamepotezwa na hilo neno "right".

Sasa tuje kwenye "vertical", maana hapa ndipo makosa yanapozaliwa. Neno hili limetoka kwenye "vertex" ya Kilatini, ambayo miongoni mwa maana zake ni kilele, na pia ile sehemu ya juu kabisa ya kichwa ambayo sisi tunaiita utosi. Kilicho "vertical", basi, ni kile kinachofuata mstari unaotoka chini kwenda utosini, mstari uleule tunaoufikiria tunaposema jua limefika utosini. Ni mwelekeo tu. Mstari kwenye karatasi, mhimili wa grafu, ukuta wa mwamba na njia ya jiwe linaloanguka vyote vinaweza kuwa "vertical", ingawa hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho tungesema kimesimama kwa maana ya kuwa kingeweza kulala. Mhimili wa grafu hauna miguu. Ndiyo sababu Mwingereza hasemi "the upright axis", hata kama wewe kwa Kiswahili unasema mhimili wima bila shida yoyote.

"Upright" kwa upande wake hudai kitu chenye namna yake ya kawaida ya kusimama, chenye juu yake na chini yake, na ambacho kingeweza kuwa katika hali nyingine. Chupa, kiti, ngazi, mti mchanga, jiwe la kaburi, mtu: vyote hivyo huweza kuanguka, kwa hiyo vyote huweza kuwa "upright". Tena neno hili lina uvumilivu ambao "vertical" haina. Mnara wa Pisa umeinama, na kila mtu anajua kwamba si "vertical". Lakini haujaanguka, na ukisema kwamba baada ya karne nyingi bado uko "upright", msemaji wa Kiingereza atakuelewa na pengine atatabasamu. Piano iitwayo "upright" ni mfano mwingine ninaoupenda. Inaitwa hivyo kwa sababu fremu yake na nyuzi zake zimesimamishwa, tofauti na piano kubwa ambayo nyuzi zake zimelazwa. Lakini ukiifungua utaona kwamba katika nyingi ya piano hizo nyuzi za sauti nzito zimepitishwa mshazari juu ya zile nyingine, ili ziwe ndefu zaidi ndani ya sanduku fupi. Nyuzi hizo zimekwenda kombo, na piano inaendelea kuitwa "upright" kwa sababu kinachotajwa ni mkao wa chombo kizima.

Jokofu lako ni la kundi hilo. Maneno "Keep upright" hayamtaki mpakiaji apime kwa timazi. Yanamtaka asililaze, kwa kuwa jokofu likilazwa, mafuta yaliyo kwenye kompresa huweza kutiririka na kuingia kwenye mabomba ya kupoozea. Likiinama kidogo gari linapokata kona, hakuna aliyevunja agizo. Ukiandika "Keep vertical", Mwingereza ataelewa, lakini ataona umetia ukali wa fundi mwashi mahali pasipohitaji. Na ukitafsiri kwa Kiswahili, "Weka wima" ni sahihi, ila mimi ningechagua "Usilaze", neno moja ambalo mpakiaji hulielewa kabla hajamaliza kulisoma.

Wale wanaohitaji usahihi wa kipimo wana maneno yao. Mwashi wa Kiingereza husema ukuta wake ni "plumb", neno lililotokana na jina la Kilatini la risasi, ile metali nzito iliyotundikwa kwenye uzi wa timazi. Mwanahisabati husema "perpendicular", ambalo nalo asili yake ni jina la Kilatini la timazi, ingawa leo maana yake imepanuka kuwa kusimama kwa pembe mraba juu ya mstari mwingine, hata kama mstari huo umelala mshazari. Daktari na mwanabiolojia hupenda "erect", kwa mfano katika picha ya eksirei ya kifua iliyopigwa mgonjwa akiwa amesimama. Neno hili la mwisho litumie kwa uangalifu nje ya taaluma, kwa kuwa linavuta mawazo ya msomaji kwenye mambo ya faragha ya mwanamume, jambo ambalo "upright" halifanyi.

Sentensi yako ya pili, ile ya fizikia, ina jambo ambalo kamusi nyingi hazilitaji. Katika elimu ya mwanga, taswira "upright" ni ile ambayo kichwa chake kiko juu na miguu yake iko chini kama kitu chenyewe kilivyo. Kioo bapa hutoa taswira ya namna hiyo. Kinyume chake hapa ni taswira iliyopinduka, kichwa chini miguu juu, kama ile inayopatikana mbele ya kioo kilichobonyea kwa ndani kitu kikiwekwa mbali. Zingatia kwamba taswira iliyopinduka nayo imefuata mstari wa wima bila kasoro. Ukiiita "vertical" hujakosea, lakini hujasema lolote, maana zote mbili ni "vertical". Hapo utaona wazi kwamba "upright" huangalia juu na chini ya kitu, si mwelekeo wa mstari peke yake. Kiswahili cha vitabu vya sayansi husema taswira wima, nami sina ugomvi na msamiati uliokwisha kuzoeleka, ila mwanafunzi aambiwe kwamba wima hapo maana yake ni "isiyopinduka".

Wachapaji nao wana matumizi yao: kwao herufi "upright" ni zile za kawaida, zilizosimama, zikitofautishwa na herufi za mlazo. Kinyume cha neno kimebadilika tena, sasa ni kuinama. Kwa hiyo ukitaka kujua "upright" ina maana gani mahali fulani, jiulize kitu hicho kingekuwaje kama kisingekuwa hivyo. Jokofu lingekuwa limelala, taswira ingekuwa imepinduka, herufi ingekuwa imeinama, na mtu angekuwa amepotoka.

Niseme machache kuhusu sarufi, kwa kuwa hapa Kiingereza kina mtego mmoja. "Upright" ni kivumishi, na umbo hilohilo, bila kuongezwa kitu, ni kielezi: "stand upright", "sit upright", "set the chair upright". Wanafunzi waliofundishwa kwamba kielezi cha Kiingereza hupatikana kwa kuongeza "-ly" huandika "sit uprightly", na hilo ni kosa, kwa sababu "uprightly" imehamia upande wa tabia peke yake na humaanisha kuishi au kutenda kwa unyofu. Tena imechakaa, na leo haisikiki sana nje ya maandiko ya dini. Nomino "uprightness" nayo hulalia upande wa tabia, ingawa haikukatazwa kwa mwili. Mkazo huwa kwenye silabi ya kwanza, na neno huandikwa pamoja bila kistari. Kulinganisha hufanywa kwa "more upright". Kusimamisha kilichopinduka, kama mashua, kwa kawaida si "to upright" bali ni "to right": mashua hupinduka, kisha hujirudisha yenyewe, "it rights itself".

Tofautisha pia "sit up" na "sit upright". La kwanza ni tendo la kuinuka kutoka kulala hadi kuketi, kile ambacho mtoto mchanga hujifunza na sisi tunakiita kuketi kitako. La pili ni kubaki umeketi huku mgongo umenyooka. Mgonjwa akiambiwa "sit upright", mimi ningetafsiri "keti ukiwa umenyoosha mgongo", wala nisingeng'ang'ania neno wima. Kuna na usemi "bolt upright", unaotumika mtu anapozinduka usingizini na kuketi ghafla, au anapokaa amekakamaa kwa mshtuko. "Bolt" hapo ni ule mshale mfupi mnene wa upinde wa zamani, na mfano wa kunyooka kama mshale huo ulikuwapo tayari katika ushairi wa Chaucer wa karne ya 14. Cha kushangaza ni kwamba katika Kiingereza cha enzi hiyohiyo mtu aliweza kulala "upright", kwa maana ya kulala chali: mwili umenyooka na uso unatazama juu. Maana hiyo imekufa kabisa, nami naitaja kwa ajili ya yule atakayesoma maandishi ya kale na kudhani kwamba maiti imesimama.

Kama nomino, "an upright" ni kipande chochote kinachosimama ili kubeba kingine: nguzo ya rafu, mti wa pembeni wa ngazi, mwimo wa mlango. Katika raga na katika kandanda ya Kimarekani "the uprights" ni milingoti miwili ya goli, na mpira hupaswa kupita kati yake juu ya mtambaa wa panya. Hapa Kiswahili kina utajiri wa majina mahususi, na ni makosa ya uvivu kutafsiri "upright" kwa "kitu cha wima" wakati kitu chenyewe kina jina. Wima, simama, kimo na mwimo ni maneno ya ukoo mmoja, yote yakiwa na ile "-ima" ya kale yenye maana ya kusimama. Miimo ya mlango, kwa hiyo, ni "uprights" hata kwa asili ya neno.

Tuingie sasa kwenye tabia. Kiingereza kilipotaka kumsifu mtu mwema kilichukua vyombo vya mwashi karibu vyote: mtu huyo amenyooka, yuko sawa na pima maji, ana pembe mraba, amesimama bila kuinama. "Upright" ni moja ya sifa hizo, na ndiyo yenye heshima kuliko nyingine. Kiswahili nacho kina picha ya mstari, lakini hakina picha ya kusimama. Twasema mtu mnyofu, au mnyoofu kama wengine waandikavyo, kutokana na kunyooka. Twasema mpotovu, na kwamba ukweli au sheria imepindishwa. Twaomba kuongozwa njia iliyonyooka. Njia haisimami, hulala ardhini, na bado imenyooka. Kwa hiyo katika ile "up" na "right" ya Kiingereza, sisi kwenye tabia tumeshika "right" tu. Ukisema "mtu wima" kwa maana ya mtu mwadilifu, msikilizaji atakutazama akisubiri umalizie.

Tafsiri za Biblia ni mahali pazuri pa kuliona hili, kwa sababu Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ndiyo iliyolizoesha neno "upright" kwenye masikio ya wengi. Ayubu, katika mstari wa kwanza wa kitabu chake, ni "perfect and upright". Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, inasema alikuwa "mkamilifu na mwelekevu". Katika Zaburi, wale ambao Kiingereza kinawaita "the upright in heart" ni "wanyofu wa moyo". Na katika Zaburi ya 15, "walketh uprightly" imekuwa "aendaye kwa ukamilifu". Neno moja la Kiingereza, Kiswahili matatu, na sababu si kigeugeu cha watafsiri. Kiebrania chenyewe kina maneno mawili hapo: "yashar", yaani kilichonyooka, kwa Ayubu na kwa wanyofu wa moyo, na "tamim", yaani kisicho na upungufu, katika Zaburi ya 15. Kiingereza cha 1611 kiliyafunika yote kwa "upright". Kiswahili kiliyatenganisha, na katika hili kimekaa karibu zaidi na asili. Ila "mwelekevu" nisingekushauri ulitumie leo katika wasifu, kwa kuwa wengi sasa wanalisikia kwa maana ya mtu mwepesi wa kuelewa.

Sasa, kwa nini "honest" haitoshi? Neno hilo lilitoka kwenye heshima ya Kilatini, lakini kwa Kiingereza cha leo linahusu kutodanganya na kutoiba. Linaweza kushikamana na mtu, na linaweza pia kushikamana na jambo dogo la dakika moja: "an honest answer", jibu la kweli, "an honest mistake", kosa lisilo na hila. Jaribu kuweka "upright" hapo, na sentensi inaanguka. Hakuna kosa nyofu kwa Kiingereza, wala jibu lililosimama wima. Mwizi akikamatwa akakiri kila kitu, hakimu anaweza kusema kwamba walau amekuwa "honest". Hakuna atakayemwita "upright" kwa kukiri huko. "Upright" ni hukumu juu ya mwenendo wa muda mrefu: mtu huyu ni mkweli, ndiyo, lakini pia hulipa madeni, hapokei rushwa, hutenda haki hata kwa asiyempenda, na watu wanajua kwamba kesho atakuwa vilevile. Ndiyo maana neno hili huambatana na raia, hakimu, mzee, familia, maisha na mwenendo, na kwa nadra sana utalisikia likisemwa juu ya mtoto, ambaye mwenendo wake bado haujapita mtihani wa muda. Hapa ndipo ule ulinganifu nilioutaja mwanzoni unapoonekana. Kama vile mstari unaweza kuwa "vertical" bila kuwa kitu kinachosimama, kauli inaweza kuwa "honest" bila mtu aliyeitoa kuwa "upright". Neno letu katika pande zote mbili linahitaji kitu ambacho kingeweza kuanguka na hakijaanguka.

Lina ladha ya hisia pia, na hili ni la kuangaliwa. "Upright" ni neno rasmi, lenye harufu kidogo ya zamani, na magazeti ya Kiingereza yamelitumia mno kwa kejeli: raia aliyeonekana "upright" siku zote, kumbe alikuwa akifanya haya na yale. Likiwa limetanguliwa na neno lenye maana ya "aliyeonekana" au "anayedaiwa kuwa", jiandae kwa pigo linalofuata, na tafsiri yako ihifadhi pigo hilo. Ndugu yake "upstanding" ana tabia hiyohiyo ya kutumika kwa mzaha. "Righteous" ni la kidini zaidi. "Straight" lina maana ya ukweli katika mazungumzo ya kawaida, lakini lina maana nyingine nyingi, mojawapo ikihusu jinsia ambayo mtu huvutiwa nayo, kwa hiyo usilitumie kwa haraka mahali pa "upright".

Nitaje pia maneno yanayolifanana, kwa kuwa barua nyingi nilizowahi kusahihisha zilijikwaa hapo. "Uptight", lenye "t" mahali pa "r", ni mtu mwenye mkazo, asiyetulia, mgumu wa kucheka. Herufi moja ikiteleza, sifa inageuka dhihaka. "Downright" si kinyume cha "upright", hata kama sura yake inashawishi hivyo. Hutia nguvu tu, na "a downright lie" ni uongo mtupu. "Outright" ni kabisa, moja kwa moja. "Forthright" ni mtu asemaye wazi bila kuzunguka. "Upright" na haya matatu ya mwisho yote yalijengwa kwa "right" ile ya kunyooka, yakielekea juu, chini, nje na mbele, lakini ni lile la juu tu lililofika kwenye tabia nzima ya mtu. La mbele liliishia kwenye ulimi, na mengine mawili yakabaki kutilia mkazo.

Turudi kwa marehemu wako, "He was an upright man". Usiandike kwamba alisimama wima, isipokuwa kama sentensi inayofuata inazungumzia mgongo wake. Kama alikuwa hakimu, mtumishi wa umma au mtu aliyeshika mali za wengine, andika "mwadilifu", neno lenye haki ndani yake kwa asili yake ya Kiarabu. Kama wasifu una sauti ya ibada, "mnyofu" au "mnyofu wa moyo" litakaa vizuri zaidi, ila ujue kwamba peke yake linaweza kusikika kama mtu asiye na makuu, mpole, jambo ambalo Kiingereza hakikulisema. "Mwaminifu" ningeliweka akiba kwa ajili ya "honest" na kwa ajili ya uaminifu wa ndoa na wa kazi. Na ikiwa mwandishi wa Kiingereza ameweka "honest and upright" pamoja, kama wapendavyo kufanya, usiyaunganishe yakawa neno moja. "Mkweli na mwadilifu" itabeba yote mawili.

Ukiwa unakwenda upande wa pili, kutoka Kiswahili hadi Kiingereza, na umeandika barua ya kumpendekeza mtu kazini ukataka kusema kwamba ni mwadilifu, "upright" haitakuwa kosa, lakini msomaji atahisi kana kwamba barua imeandikwa na babu yake. Wenye kazi leo huandika "a person of integrity", neno lililotokana na "integer" ya Kilatini, yaani kilicho kizima na kisichopungua, na hivyo liko karibu zaidi na ule "ukamilifu" wa Zaburi ya 15 kuliko na unyofu.